Talaka ya Verona, Wakili wa Malindi: Tathmini ya Huduma ya Miezi Kumi na Minne

Ofisi ninayoitathmini ni ya wakili mmoja mwanamke mwenye makarani wawili, katika ghorofa ya pili ya jengo lililo kando ya Barabara ya Lamu mjini Malindi, na kazi niliyompa ilikuwa moja tu: kuhakikisha kwamba hukumu ya talaka niliyoipata katika mahakama ya Verona, Italia, inatambuliwa na sheria ya Kenya. Jina la ofisi silitaji, kwa sababu ninayo sifa ya kuitolea na ninayo malalamiko pia, na sipendi sifa igeuke tangazo wala malalamiko yageuke mashtaka. Nilifungua faili Machi 2023 na nikakabidhiwa karatasi ya mwisho Mei 2024. Kwa ujuzi wa sheria naipa ofisi hiyo alama tano kwa tano bila kusita. Kwa mawasiliano na mteja naipa mbili, na hata hizo mbili ni za karani mmoja.

Ili msomaji aelewe nilichokuwa nikikinunua, sina budi kueleza shida yenyewe. Mwaka 2010 nilioa mwanamke wa Kiitalia, Mkristo. Nikaha ilisomwa nyumbani kwa ami yangu mtaa wa Shela hapa Malindi, lakini ili ndoa ikubaliwe kwao ilitubidi tufunge pia bomani, na cheti kilichosafiri hadi Verona na kunakiliwa katika daftari la manispaa, ambayo wenyewe huiita Comune, kilikuwa hicho cha bomani. Tuliishi huko kwa miaka, tukajaliwa binti mmoja, kisha tukaachana bila ugomvi mkubwa. Kwa upande wa dini nilitamka talaka mbele ya mashahidi wawili. Kwa upande wa serikali yao mahakama ilitoa hukumu mwaka 2018. Nilirudi Malindi mwaka uliofuata nikiamini kwamba mambo yamekwisha pande zote mbili.

Hayakuwa yamekwisha. Mwishoni mwa 2022 nilipeleka posa Lamu, na walii wa mchumba wangu, mzee wa Langoni aliyewahi kuwa karani serikalini, aliipokea kwa heshima zote kisha akaomba kuona karatasi ya talaka inayotambulika Kenya. Ami yangu alikasirika. "Mwanangu, talaka umeitoa, eda imekwisha zamani, na wewe ni Mwislamu unayeruhusiwa wanne, wakili wa nini?" Swali lake lina uzito wake katika dini, na ndilo wengi wetu huku pwani tungeliuliza, ila halijibu habari ya bomani. Ndoa ya serikali, tangu Sheria ya Ndoa ya zamani, Sura ya 150, hadi Sheria ya Ndoa ya 2014 iliyochukua nafasi yake, ni ya mume mmoja na mke mmoja, na aliye ndani yake hana ruhusa ya kufunga nyingine ya aina yoyote mpaka ile ya kwanza ivunjwe kisheria. Anayethubutu anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake hufika miaka mitano gerezani. Kadhi naye asingeweza kuivunja ndoa ile, kwa kuwa Katiba katika kifungu cha 170 inaipa Mahakama ya Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimeridhia kwenda mbele yake, na mke wangu wa zamani hakuwa Mwislamu. Mzee wa Langoni aliyajua haya yote kabla yangu.

Nilianza vibaya. Kwa miezi miwili nilikuwa mikononi mwa mtu wa kati, mmoja wa wale wanaoshinda karibu na mahakama wakiwa na bahasha kwapani, ambaye kwa shilingi 15,000 aliniahidi kwamba nakala ya cheti cha ndoa kutoka Comune, ile iliyoandikwa pembeni kuwa ndoa imevunjwa, ikishapigwa muhuri na kamishna wa viapo hapa Malindi itatosha kabisa. Muhuri ulipigwa. Nilipoionyesha karatasi hiyo kwa watu wanaojua, niliambiwa kwamba kamishna wa viapo amethibitisha tu kuwa nakala inafanana na ile aliyoonyeshwa, na kwamba hiyo aliyoonyeshwa hakuna aliyeithibitisha. Fedha hizo sikuzipata tena, wala sizihesabu katika gharama za ofisi ninayoizungumzia.

Kikao cha kwanza na wakili kilinigharimu shilingi 3,000, na ndicho kilichonifanya nibaki naye. Hakuanza na ada wala na ahadi. Alichukua karatasi tupu, akaipiga mistari miwili ya wima, na juu ya kila safu akaandika neno moja: hadhi, pesa, ardhi. Kisha akanieleza kwamba wengi wanaomjia na hukumu ya Ulaya wanadhani karatasi moja itamaliza yote matatu, ilhali kila moja lina sheria yake, njia yake na gharama yake, na kwamba kabla hajachukua hata senti ya ada alitaka kujua mimi nimefuata lipi. Nilimwambia nimefuata yote. Alitabasamu, akasema nianze na hadhi, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo haraka na ndiyo iliyokuwa na njia iliyonyooka.

Hadhi ni swali la kama mimi ni mume wa mtu au si mume wa mtu. Hapo Sheria ya Ndoa ya 2014 imesema bayana: amri iliyotolewa na mahakama ya kigeni katika shauri la ndoa itatambuliwa Kenya, iwe ndoa hiyo ilifungwa hapa au kwingineko, ikiwa mmoja wa wanandoa ana maskani yake ya kisheria katika nchi ya mahakama hiyo na ikiwa talaka yenyewe ina nguvu katika nchi ya maskani ya wote wawili au ya mmoja wao. Mke wangu wa zamani ni mzaliwa wa Verona na hajapata kuhama, kwa hiyo sharti la maskani halikuwa na utata. Juu ya hayo, wakili alinitayarisha kwa maswali ambayo jaji wa Kenya ana haki ya kuyauliza mbele ya hukumu yoyote ya kigeni: je, ni ya mwisho, je, pande zote zilipewa taarifa na nafasi ya kusikizwa, je, ilipatikana bila hila, na je, haipingani na sera ya umma ya Kenya. Kila swali aliliandikia jina la karatasi ambayo ingelijibu.

Hapa ndipo ujuzi wake ulipoonekana, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo thamani ya huduma ilipo. Nilimkabidhi bahasha yenye karatasi mbili za mahakama, nikiamini kwamba ile nene ndiyo ya talaka. Aligeuza kurasa, akaiweka pembeni, akaniambia kuwa hiyo ni ya utengano tu. Waitalia hupitia hatua mbili, kwanza utengano, ambao wao huuita separazione, ndipo talaka. Na tangu sheria yao ya 2015 muda wa kungoja katikati ni miezi sita kwa waliokubaliana na mwaka mmoja kwa waliopelekana mahakamani, tofauti na miaka mitatu iliyokuwa ikitakiwa awali. Aliyetengana bado ni mume au mke wa mtu. Kisha akaichukua ile nyembamba na kuweka kidole juu ya neno scioglimento, ambalo kwetu ningelitafsiri kuwa kufunguliwa kwa fundo la ndoa, akaeleza kwamba katika hukumu zao neno la kawaida la talaka huenda lisionekane kabisa katika sehemu ya amri: ndoa ya serikali hufunguliwa kwa neno hilo, na ndoa iliyofungwa kanisani hutajwa kuwa athari zake za kiserikali zimekoma. Karani asiyeijua tofauti hiyo anaweza kumrudisha mteja Ulaya kutafuta karatasi aliyo nayo tayari mkononi.

Huenda si ajabu kwa wakili wa Malindi kuyajua hayo. Waitalia wamekuwa nasi tangu mradi wa San Marco ulipoweka jukwaa la kurushia satelaiti baharini mbele ya Ngomeni katika miaka ya 1960, na satelaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku kumi na moja baada ya Italia kupitisha sheria yake ya kuruhusu talaka, tarehe 1 mwezi huohuo. Waliotangulia kufika hapa, basi, walitoka katika nchi ambayo ndoa ilikuwa haivunjiki; siku niliyokaa mbele ya meza ya wakili niliona bahasha tatu nyingine zenye mihuri ya mahakama za kwao.

Rafiki yangu wa Watamu, ambaye nilimpeleka katika ofisi hiyohiyo baada ya kuridhika, hakuwa na bahati kama yangu. Yeye na mkewe hawakwenda mahakamani kabisa. Tangu mwaka 2014 sheria ya Italia inawaruhusu wanandoa waliokubaliana kumaliza talaka kwa mapatano yaliyosimamiwa na mawakili wao, au, kwa masharti fulani, mbele ya ofisa wa Comune, na yeye alifuata njia hii ya pili kwa kuwa ni rahisi na ni ya haraka. Wakili alimweleza, bila kumvunja moyo lakini bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba sheria ya Kenya imeandika "mahakama ya kigeni", na kwamba ofisa wa manispaa si mahakama, hivyo hoja yake ingehitaji kutetewa kwa namna nyingine, au afikirie kufungua shauri la talaka hapahapa. Alimtoza kikao kimoja tu na hakumfungulia faili. Mawakili wangapi wangeiacha ada ya namna hiyo mezani?

Karatasi zenyewe ndizo zilizokula muda. Ilitakiwa hukumu kamili yenye saini na muhuri wa mahakama, wala si ukurasa wa amri peke yake. Ilitakiwa pia hati ya mahakama hiyohiyo inayothibitisha kwamba hukumu haiwezi tena kukatiwa rufaa. Hati hii ya pili ndiyo ambayo watu huisahau. Kwa sheria yao mtu aliyekabidhiwa hukumu rasmi ana siku 30 za kukata rufaa, na pale ambapo hakuna aliyemkabidhi mwenzake, muda huo huwa miezi sita tangu hukumu itangazwe; kabla haujapita, hukumu ipo lakini haijakomaa. Sheria ya Kenya haitambui tunda bichi, alisema karani, na mimi sikuweza kumbishia.

Baada ya hapo kuna uthibitisho wa saini. Italia imo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, ambao nchi zilizojiunga nao hupeana nyaraka kwa muhuri mmoja unaoitwa apostili, lakini Kenya ilikuwa haimo, na kwa hiyo muhuri huo, ambao mtu wa Verona angeupata kwa siku chache, kwetu haukuwa na maana. Njia ilikuwa ndefu: saini ya karani wa mahakama ithibitishwe na ofisi ya mwendesha mashtaka wa eneo, kisha hati ipelekwe Ubalozi wa Kenya mjini Roma nao uithibitishe saini ya aliyethibitisha. Rafiki yangu mzaliwa wa Mambrui anayeishi Verona ndiye aliyenisaidia kutembeza karatasi, na ningali na deni lake. Upande wa wakili, nilipewa ukurasa mmoja wa maelekezo ya Kiitalia, uliopangwa kwa utaratibu, wa kumpa rafiki huyo, na kila ofisi aliyoingia waliuelewa bila maswali. Kwa ukurasa ule peke yake ningelipa nusu ya ada.

Tafsiri ilifanywa hukohuko na mtafsiri aliyeapa mbele ya mahakama, na kila kurasa nne zilidai stempu ya serikali ya euro 16. Nilitaka tafsiri iwe ya Kiswahili, nikidhani kwamba ni lugha ya taifa na lugha rasmi na kwamba mzee wa Langoni angeisoma mwenyewe, lakini lugha ya Mahakama Kuu kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ni Kiingereza. Kiswahili kinaruhusiwa katika mahakama za chini yake. Kwa hiyo ndoa iliyofungwa Malindi, ikavunjwa kwa Kiitalia, ilibidi ielezwe kwa Kiingereza kwa jaji aliyekaa Malindi. Nililalamika kidogo, wakili akanijibu kwamba hilo nimpelekee mbunge.

Ombi liliwasilishwa Mahakama Kuu ya Malindi mwezi Oktoba 2023, likiwa na hatikiapo yangu na viambatisho vyote. Mlalamikiwa, yaani mke wangu wa zamani, alipaswa kupewa taarifa, na hapa niligundua faida ya kuachana kwa wema: alitia sahihi mbele ya mthibitishaji wa Verona barua ya kusema kwamba ameliona ombi na halipingi. Mwenye mtalaka aliyekasirika au asiyejulikana alipo ajiandae kuomba ruhusa ya mahakama ya kumpelekea hati nje ya nchi, jambo ambalo lingeongeza miezi na gharama.

Sasa malalamiko. Hatikiapo ya kwanza niliyoletewa nitie sahihi ilikuwa na namba ya pasipoti iliyokosewa herufi moja, nami, kwa kuiamini ofisi, sikuikagua. Kosa liligunduliwa na mahakama, si na sisi, na tarehe ya kusikizwa ikasogezwa kwa wiki tatu. Karani mkubwa alikiri kosa na kuniomba radhi. Wakili mwenyewe hakusema neno, ingawa hakunitoza kwa hatikiapo ya pili. Kati ya Novemba na Januari nilituma ujumbe wa simu mara kumi na moja na kujibiwa mara tatu. Nilipokwenda mwenyewe niliketishwa kwenye benchi la mbao kwenye korido isiyo na feni, saa nne asubuhi mpaka saa sita, kisha nikaambiwa wakili yuko mahakamani tangu asubuhi, habari ambayo ingeweza kutolewa nilipofika. Siyaandiki haya kwa hasira. Mtu anayengoja kujua kama ameoa au hajaoa hana subira ya mtu anayengoja leseni ya biashara, na ofisi inayoshughulika na talaka ingepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Siku ya kusikizwa yenyewe ilikuwa fupi kuliko safari ya kuifikia. Shauri lilisikizwa kwa njia ya video, nami nilikaa ofisini kwa wakili mbele ya kompyuta nikiwa nimevaa kanzu niliyoinyoosha tangu usiku. Jaji aliuliza mambo mawili: kama kuna rufaa yoyote inayosubiri Italia, na kama kuna mtoto ambaye maslahi yake yanaguswa na ombi hili. La kwanza lilijibiwa na ile hati ya mahakama ya Verona. La pili wakili alilijibu kwamba malezi ya binti yamekwishaamuliwa Italia anakoishi, na kwamba ombi letu halitaki mabadiliko yoyote kwa mtoto. Jibu hilo lilikuwa limekaa tayari katika aya ya tisa ya ombi, likingoja kuulizwa. Mwezi Februari 2024 amri ilitoka, ya kurasa mbili na nusu, ikisema kwamba hukumu ya Verona inatambuliwa nchini Kenya.

Nilidhani hapo ndipo mwisho, na ofisi nyingine huenda ingeniacha nidhani hivyo. Wakili alisisitiza kwamba amri ipelekwe kwa Msajili wa Ndoa, katika jengo la Sheria House mjini Nairobi, ili talaka iandikwe katika kumbukumbu ile ile ambayo ndoa iliandikwa, kwa sababu ofisi yoyote itakayotafuta jina langu siku za mbele itaitafuta huko, wala haitafungua faili za Malindi. Hatua hii ilichukua mpaka Mei na haikuwa na utata isipokuwa kungoja.

Kuhusu gharama, ada ya wakili ilikuwa shilingi 110,000 kwa mafungu matatu, na hiyo haikubadilika hata kidogo kutoka siku ya mapatano. Kilichobadilika ni matumizi ya nje ya ada: ada za mahakama, nakala, kurasa za viapo, usafirishaji wa nyaraka na safari ya karani kwenda Nairobi. Niliambiwa nikadirie shilingi 15,000, na mwishowe nikalipa 38,500. Stakabadhi zote nilipewa, na nilipozikagua sikuona udanganyifu, ila sioni sababu ya mtu aliyeifanya kazi hii mara nyingi kukadiria chini ya nusu. Upande wa Italia nilitumia takriban euro 400, na hizo hazimhusu.

Nirudi kwenye zile safu mbili zilizobaki. Pesa, kwangu, ilikuwa ni matunzo ya binti yangu, ambayo nayapeleka kila mwezi bila kusukumwa na mtu, lakini niliuliza kwa ajili ya kujua: je, mama yake angetaka kunibana nikiwa Malindi, hukumu ya Verona ingetosha? Wakili alinieleza kwamba sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za kigeni kwa kupokezana, Sura ya 43, ina orodha ya nchi zake, zikiwemo Uingereza, Australia, Malawi, Shelisheli, Tanzania, Uganda, Zambia na Rwanda, na Italia haimo. Tena hata kwa nchi zilizomo, mashauri ya ndoa kwa sehemu kubwa yamewekwa kando. Kwa hukumu ya nchi isiyo katika orodha, Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2016 kwamba mwenye kudai anaweza kufungua kesi hapa akiitegemea hukumu hiyo kama msingi wa dai lake. Kutambuliwa, kwa maneno mengine, si kutekelezwa, na wakili aliyatenganisha maneno hayo mawili kila mara nilipoyachanganya, bila kuchoka. Nilimpenda kwa hilo.

Ardhi ndiyo iliyonileta karibu na kukata tamaa. Nina kiwanja Muyeye nilichokinunua wakati wa ndoa, kwa jina langu, na nyumba isiyokwisha juu yake, na hukumu ya Verona ina aya moja inayosema kwamba wahusika hawadaiani chochote. Nilidhani aya hiyo inanisafishia kiwanja. Hainisafishii. Mahakama ya nchi moja haiamui umiliki wa ardhi iliyo katika nchi nyingine, kanuni ya zamani katika sheria tulizozirithi kutoka Uingereza, na kiwanja cha Muyeye kinabaki chini ya Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, ambayo inatazama mchango wa kila mmoja. Mahakama ya Juu ilikumbusha Januari 2023 kwamba hakuna mgawanyo wa nusu kwa nusu unaokuja wenyewe, na kwamba mchango huthibitishwa. Mke wangu wa zamani alichangia saruji na mabati kwa fedha zake, hilo silikani. Nikitaka kukiuza kwa amani, aliniambia wakili, itafaa tuandikiane makubaliano yatakayopitishwa na mahakama ya hapa. Na iwapo yeye angetaka kiandikwe kwa jina lake, akumbuke kwamba kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Ofisi hii naipendekeza kwa mtu mwenye hukumu ya mahakama hasa, ambaye mtalaka wake anapatikana na hana kinyongo, na ambaye anaweza kuvumilia kimya cha wiki tatu bila kupandwa na presha. Aende akiwa na hukumu kamili na hati ya kwamba imekuwa ya mwisho, asome kila herufi ya hatikiapo yake kabla ya kutia sahihi, na amtafute yule karani mdogo wa zamu ya mchana, kwani ndiye anayepokea simu. Anayetoka Lamu asifunge safari kwa ajili ya kuulizia hali ya faili. Apige simu kwanza, tena apige mara mbili.

Mzee wa Langoni aliomba asomewe amri kwa Kiswahili. Karani huyo mdogo alimsomea kwa simu, sentensi kwa sentensi, kwa muda wa nusu saa na bila malipo, na mzee aliuliza jambo moja tu, kwamba muhuri ni wa Malindi au wa Nairobi. Alipoambiwa ni yote miwili, alitaja siku ya nikaha. Faili ya kiwanja cha Muyeye nimeifungua mwezi uliopita katika ofisi hiyohiyo, na safari hii nimedai makadirio ya matumizi kwa maandishi kabla sijatia sahihi.